Louis Leakey: Mpima mafuvu wa Elmenteita aliyeshindwa kupima uchungu wa walio hai

ABIRIA anayetoka Nairobi kwenda Nakuru, akishaupita mji wa Gilgil, huliona ziwa Elmenteita likimeta upande wake wa kushoto. Ng'ambo ya maji hayo kipo kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali, paji na pua vikielekea mbinguni. Wengi hukitupia jicho mara moja, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Ni wachache wanaojua kwamba katika mapango na mashamba yanayolizunguka ziwa hilo, takribani karne moja iliyopita, kijana wa miaka 23 alianza kufukua mafuvu ya watu wa kale, akayafuta vumbi na kuyapima urefu na upana. Alitaka kujua ni watu wa namna gani walioishi katika Bonde la Ufa kabla ya historia kuandikwa.

Kijana huyo alikuwa Louis Seymour Bazett Leakey, ambaye baadaye jina lake lilivuma duniani kote kwa ajili ya uvumbuzi wa Olduvai, nchini Tanzania. Hata hivyo, Nakuru ndiko alikoanzia kazi, na ni katika ardhi ya Bonde la Ufa ambako mafanikio na makosa yake yangali yanaonekana kwa pamoja.

Maisha yake yaweza kusimuliwa kwa vifaa vitatu. Cha kwanza ni kalipa ya chuma iliyopima vichwa vya wafu. Cha pili ni mizani ya maabara ambayo madaktari wa zama zake waliitumia kupima uzito wa ubongo wa Mwafrika. Cha tatu ni jiwe lenye matundu saba, ambalo serikali ya mkoloni ilidhani lingeponya akili za watu waliodai ardhi yao.

MZALIWA WA KABETE

Leakey alizaliwa Agosti 7, 1903 katika kituo cha misheni cha Kabete, karibu na Nairobi. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmishonari wa Kianglikana aliyeshiriki kuitafsiri Biblia kwa lugha ya Gikuyu.

Louis alikulia miongoni mwa watoto wa Kikuyu. Alizungumza lugha yao sawasawa na alivyozungumza Kiingereza, akajifunza kutega wanyama, na alipobaleghe akatahiriwa kwa mila pamoja na wana rika lake. Walimpa jina Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Mmoja wa wenzake wa utotoni, Heselon Mukiri, alikuja kuwa mchimbaji hodari wa mabaki ya kale aliyefuatana naye kwa miaka mingi.

Akiwa bado mvulana, alipewa zawadi ya kitabu cha watoto kuhusu Enzi ya Mawe. Tangu siku hiyo akaanza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama chupa, yaitwayo obsidiani, ambayo alitambua kuwa yalichongwa na mikono ya binadamu. Hapo ndipo ilipozaliwa imani iliyomtawala hadi kufa kwake, kwamba chimbuko la mwanadamu lilikuwa Afrika Mashariki. Wataalamu wengi wa Ulaya wakati huo walikuwa wakilitafuta chimbuko hilo barani Asia.

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka uliofuata alipigwa teke la kichwa katika mchezo wa raga. Jeraha hilo lilimwachia maumivu makali ya kichwa na kifafa, na madaktari wakamwamuru aache masomo kwa muda. Aliutumia muda huo kwenda Tanganyika mwaka 1924 na msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, ambako alijifunza kazi ya kuchimba.

Jambo hili halina budi kukumbukwa tunapoendelea. Katika zama hizo, watu wenye kifafa mara nyingi walihesabiwa pamoja na wagonjwa wa akili na kufungiwa pamoja nao. Leakey alipata madaktari waliomshauri apumzike kwenye hewa safi. Hakuna aliyeuliza kama rangi ya ngozi yake ndiyo iliyomletea maradhi.

KALIPA KATIKA PANGO

Alihitimu mwaka 1926 kwa alama za juu kabisa, akarejea Kenya akiongoza msafara wake wa kwanza wa akiolojia. Kituo chake kilikuwa eneo la Nakuru na Elmenteita. Mashamba ya huko yalikuwa yamegawiwa walowezi wa Kizungu, na majembe ya wakulima hao yalikuwa yameanza kufichua mifupa na vyombo vya mawe.

Alichimba makaburi ya kale karibu na Nakuru. Huko Elmenteita alikuta mabaki ya watu wengi kwenye eneo moja. Katika pango la Gamble, lililoitwa hivyo kwa jina la mlowezi aliyemiliki shamba hilo, alifukua tabaka baada ya tabaka la majivu, mifupa na visu vya obsidiani, hadi akafikia mifupa ya watu waliozikwa wakiwa wamekunjwa magoti hadi kifuani na kupakwa udongo mwekundu.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, yeye na wenzake pia walifahamu kuhusu Kariandusi, kando ya barabara ya sasa ya Nakuru, ambako shoka za mawe za enzi ya mbali zaidi zilikuwa zimetapakaa ardhini. Wageni wangali wanazitazama hapo hadi leo.

Kila fuvu lililotoka ardhini lilipimwa kwa kalipa. Hiki ni chombo chenye miguu miwili ya chuma iliyopinda kama pembe za ng'ombe, na rula katikati yake. Mpimaji hugusisha ncha moja kwenye paji la uso na nyingine kwenye kisogo, akasoma urefu. Kisha hupima upana juu ya masikio. Upana ukigawanywa kwa urefu na kuzidishwa kwa mia, hupatikana namba ambayo wataalamu wa wakati huo waliitumia kumweka mtu katika kundi la mbari fulani.

Ili kujua ujazo wa ubongo uliokuwamo, walijaza fuvu tupu kwa punje za nafaka, mbegu za haradali au risasi ndogondogo, wakazimimina katika chombo chenye vipimo. Kazi hiyo ilionekana safi na ya haki, kwani chuma hakina chuki na namba haina kabila. Tatizo lilikuwa katika swali ambalo mpimaji alikuja nalo kabla hajagusa fuvu.

MIZANI YA NAIROBI

Ili kulielewa swali hilo, hatuna budi kuondoka Elmenteita kwa muda na kwenda Nairobi, kwa kuwa huko vipimo hivyo vilikuwa vikitumiwa juu ya Waafrika wa wakati uleule.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya wendawazimu. Katika miaka ya 1930 daktari wake mzuru alikuwa H.L. Gordon, ambaye aliamini kwamba akili ya Mwafrika ilikuwa na upungufu wa kuzaliwa. Alipima vichwa vya Waafrika wengi kwa nje na kukadiria ujazo wa ubongo wao. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha walowezi kilichojishughulisha na kile walichokiita uboreshaji wa mbari nchini Kenya.

Mwenzake, F.W. Vint, aliyekuwa mtaalamu wa patholojia wa serikali, alichukua ubongo wa maiti 100 za wanaume Waafrika na kuuweka kwenye mizani. Mwaka 1934 alichapisha matokeo yake katika jarida la kitabibu la Uingereza. Wastani wake ulikuwa gramu 1,276, akaulinganisha na takwimu za Wazungu zilizokuwa juu zaidi na kuhitimisha kwamba ubongo wa Mwafrika haukukomaa sawa na wa Mzungu.

Leo kasoro za kazi hiyo ziko wazi. Uzito wa ubongo hutegemea ukubwa wa mwili, umri, lishe, maradhi yaliyomuua mtu na jinsi maiti ilivyohifadhiwa. Zaidi ya hayo, miongoni mwa watu wenye afya, uzito huo hausemi ni nani mwerevu na ni nani mjinga. Hata hivyo walowezi waliozipokea namba hizo hawakutafuta kasoro. Walitafuta sababu ya kuhoji kama watoto wa Kiafrika walistahili shule sawa na wenzao wa Kizungu.

Wakati huohuo, Richard Oliver, mwanasaikolojia kutoka Uingereza aliyefadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani, alikuwa akitunga mitihani ya karatasi na penseli ya kupima akili za wanafunzi wa Kiafrika nchini Kenya. Chuma, mizani na karatasi vyote vilikuwa vimeelekezwa kwenye kichwa kimoja.

UGUNDUZI WENYE PANDE MBILI

Leakey hakuwa Gordon. Aliwajua Waafrika kama majirani na marika, si kama maiti mezani. Vitabu vyake vya miaka ya 1930 vilithibitisha kwamba Kenya ilikuwa na historia ndefu ya ustadi. Watu wa Elmenteita walichonga visu vyembamba vilivyohitaji jicho kali, mkono mtulivu na mpango wa kazi tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Ilikuwa vigumu kwa msomaji wa vitabu hivyo kuendelea kudai kwamba ardhi hii haikuwahi kuwa na watu wenye kufikiri.

Lakini kalipa yake ilimpeleka mahali pengine. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu mbari za Enzi ya Mawe nchini Kenya, alihitimisha kwamba mafuvu marefu membamba ya pango la Gamble, Elmenteita na Nakuru hayakuwa ya watu weusi kama wakazi wa sasa. Aliyaona yakikaribiana zaidi na watu wa kaskazini na wa Ulaya.

Hivyo mkono mmoja ulimpa Mwafrika historia, na mwingine ukampokonya. Wasomaji wa kikoloni waliopenda kuamini kwamba kila ustadi barani Afrika uliletwa na wageni walipata katika vipimo hivyo hoja waliyoihitaji. Ikiwa waliochonga visu vile hawakuwa mababu wa wafanyakazi wa mashambani, basi wafanyakazi hao nao walikuwa wageni tu kama mlowezi.

Mwaka huohuo wa 1935 Leakey alipata pigo. Mwanajiolojia P.G.H. Boswell, aliyekuja kukagua mahali alipokuwa ameokota taya la Kanam na mafuvu ya Kanjera karibu na ziwa Victoria, aliandika kwamba Leakey alishindwa kumwonyesha kwa uhakika mahali hasa yalipotoka. Alama alizoweka zilikuwa zimetoweka, na picha moja haikuwa ya mahali palipotajwa. Sifa yake ilichafuka Uingereza. Mwaka uliofuata ndoa yake ya kwanza ilivunjika, akamwoa Mary Nicol, mchoraji na mchimbaji mwenye nidhamu ya kazi kumshinda.

Walirejea Kenya mwaka 1937. Louis alikaa na wazee wa Kikuyu akiandika mila zao katika kazi kubwa iliyochapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1977. Mary alichimba kilima cha Hyrax, kilichoko ukingoni mwa mji wa Nakuru, akafichua makaburi na misingi ya makazi ya kale. Mwaka 1938 wawili hao walichimba pango la mto Njoro, ambako takribani miaka 3,000 iliyopita jamii moja ilichoma maiti zake na kuziaga kwa bakuli za mawe na shanga nyingi. Kwa tarakimu hizo pekee, huzuni ya waliowaaga wapendwa wao haipimiki, lakini shanga zile zinaieleza.

JIWE LENYE MATUNDU SABA

Walipokuwa wakihesabu shanga za wafu, walio hai katika wilaya hiyohiyo ya Nakuru walikuwa na hesabu nyingine. Maelfu ya Wakikuyu waliishi kama maskwota katika mashamba ya walowezi huko Njoro, Molo, Elburgon na Naivasha. Kila sheria mpya iliwapunguzia mifugo na kuwaongezea siku za kazi.

Huko Olenguruone, magharibi ya wilaya, familia zilizopewa makazi mwaka 1941 zilikataa masharti ya serikali na kula kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na watoto. Walifukuzwa kufikia mwaka 1950, lakini mfano wa kiapo chao ulienea katika mashamba ya Bonde la Ufa. Huo ni mmoja wa mizizi ya vita vilivyokuja kuitwa Mau Mau.

Tayari serikali ilikuwa na mazoea ya kuuita upinzani wendawazimu. Mwaka 1945 ilimpeleka Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa kutoka magharibi ya Kenya, katika hospitali ya Mathari kana kwamba kuukataa ukoloni ni ugonjwa. Alikaa huko hadi mwaka 1947.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, Leakey alikuwa msimamizi wa makumbusho ya Nairobi na mshauri ambaye serikali ilimwona kuwa anawajua Wakikuyu kuliko Mzungu mwingine yeyote. Aliandika vitabu viwili kuhusu Mau Mau, cha mwaka 1952 na cha mwaka 1954. Katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria alikuwa mkalimani wa mahakama, hadi mawakili wa utetezi walipolalamika kuwa anaegemea upande mmoja, akajiondoa. Yeye na Kenyatta walikuwa na uhasama wa tangu miaka ya 1930, walipobishana London kuhusu nani alikuwa na haki ya kuzieleza mila za Wakikuyu.

Leakey hakukana kwamba Wakikuyu walikuwa na malalamiko ya haki kuhusu ardhi. Katika vitabu hivyo alihimiza marekebisho. Lakini kiapo chenyewe alikiona kama sumu iliyoingia akilini, ambayo isipotolewa mtu hangeweza kuwa huru tena. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa utakaso kwa mila.

Hapo ndipo jiwe la githathi linapoingia. Katika mila za Wakikuyu, hili ni jiwe lenye matundu saba ambalo mtu aliapa kwalo katika kesi nzito, akipitisha vijiti katika matundu yake. Liliogopwa mno, halikuwekwa nyumbani, na aliyeapa uongo mbele yake aliaminika kuiletea jamaa yake mauti. Serikali ilikusanya wazee waliolitumia jiwe hilo kutangua viapo vya Mau Mau hadharani. Watu wakawapachika jina la kejeli, waganga wa Mfalme na baadaye wa Malkia.

Tiba hiyo haikufua dafu. Jiwe lilikuwa na nguvu pale jamii yenyewe ilipoliita. Lilipoletwa kwa amri, askari wakiwa kando na bunduki, likawa jiwe tu. Aliyetakaswa asubuhi alirudi jioni katika nyumba ileile, bila shamba.

Leakey alijua undani wa mila hiyo kuliko maofisa wote. Bado alikosea jambo ambalo mtoto wa skwota wa Olenguruone angemweleza. Kiapo hakikuwa kimewaletea watu uchungu. Uchungu ndio uliokuwa umewaletea kiapo.

Vita hivyo vilimgusa pia nyumbani. Oktoba 1954, binamu yake, Gray Leakey, alitekwa nyara na kuuawa na wapiganaji. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi kwa tahadhari tangu hali ya hatari ilipoanza, kwa maana alijua alihesabiwa kuwa msaliti wa rika lililompa jina.

DAKTARI WA MAU MAU

Mwaka huohuo wa 1954 serikali ilimwalika mtaalamu mwingine. J.C. Carothers alikuwa amekabidhiwa hospitali ya Mathari mwaka 1938 bila mafunzo rasmi ya utabibu wa akili, akaiongoza hadi mwaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo wa mbele, tiba iliyotumiwa wakati huo kwa wagonjwa wa akili wa Ulaya na Marekani na iliyowaacha wengi wakiwa wamepooza hisia.

Ripoti yake ya mwaka 1954 iliieleza Mau Mau kama zao la akili iliyokwama kati ya mila zilizovunjika na maisha mapya isiyoyaelewa. Iliunga mkono mpango wa kuwahamishia Wakikuyu katika vijiji. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa humo, katika uzio na ulinzi wa askari.

Tukiziweka pamoja kalipa ya Elmenteita, mizani ya Vint, githathi iliyobebwa na serikali na ripoti ya Carothers, tunaona mkondo mmoja. Kila mara mwenye chombo aliona afadhali kuchunguza kichwa cha mlalamikaji kuliko kulichunguza shamba lililonyang'anywa.

MSTARI UNAOVUKWA

Leakey wa miaka ya mwisho ni yule dunia inayemkumbuka. Julai 17, 1959, huko Olduvai, Mary aliona fuvu la kiumbe waliyemwita Zinjanthropus. Ujazo wa ubongo wake ulikuwa takribani sentimita za ujazo 530, ilhali wa binadamu wa leo hukaribia 1,350.

Miaka michache baadaye yakapatikana mabaki ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo uliokadiriwa kuwa sentimita za ujazo 680 hivi na mikono iliyoweza kushika vitu kwa usahihi. Karibu naye palikuwa na zana za mawe. Mwaka 1964 Leakey na wenzake wawili, Phillip Tobias na John Napier, walimwita Homo habilis, yaani mtu stadi.

Wataalamu wengi walipinga. Mskoti Arthur Keith alikuwa amechora mstari wa sentimita za ujazo 750, na aliye chini yake hakuhesabiwa kuwa mtu. Leakey na wenzake waliuteremsha mstari hadi 600, wakasema pia tutazame mikono na kazi yake. Wakati huohuo Jane Goodall, kijana ambaye Leakey alimtuma Gombe mwaka 1960, aliripoti kwamba sokwe nao hutengeneza vifaa vya kuvulia mchwa.

Kwa maneno mengine, mtu aliyeanza kazi Nakuru akiamini kwamba kalipa ingemwambia nani ni nani, aliishia kuishawishi dunia kwamba ukubwa wa kichwa pekee hautoshi kumtambulisha mtu. Hatuna dalili kwamba aliurudisha ushahidi huo nyuma hadi Elmenteita, wala hadi mwaka 1952.

Mwaka 1972, Bernard Ngeneo, mmoja wa wachimbaji wa mwanawe Richard, aliokota karibu na ziwa Turkana vipande vya fuvu lililopewa namba 1470. Ubongo wake ulizidi sentimita za ujazo 700. Richard alimwonyesha baba yake, naye alilishika fuvu hilo akiwa mwenye furaha. Siku chache baadaye, Oktoba 1, 1972, Louis Leakey alifariki London kwa maradhi ya moyo. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

HUKUMU YA BAADAYE

Mwaka 1975 mtafiti Mmarekani, Philip Rightmire, aliyapima upya mafuvu ya Bonde la Ufa kwa mbinu za kisasa za takwimu. Aligundua kwamba hayakuwa mageni kama Leakey alivyodhani, na kwamba yalikaribiana na ya Waafrika.

Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa DNA ya mifupa ya kale ya Afrika Mashariki, ikiwemo ya kilima cha Hyrax na ya Molo. Ulionyesha wafugaji wa kale wenye nasaba zilizochanganyika, nyingine kutoka kaskazini na nyingine za wawindaji waliokuwako hapa tangu zamani. Jibu hilo halikumpendeza mlowezi wala halimpendezi mwenye kudai usafi wa damu leo. Watu wa Bonde la Ufa walikuwa wamechangamana kabla ya kuwepo kabila lolote kati ya yale yanayozozania ardhi yake.

Siku hizi, katika hospitali za Nakuru na Gilgil, mgonjwa wa akili hapimwi kichwa kwa kalipa. Daktari huanza kwa kumuuliza analala vipi, anakula nini, na nini kilichompata. Kuuliza na kusikiliza ni vifaa vya bei rahisi kuliko vyote, na ndivyo vilivyokosekana wakati wa hali ya hatari.

Makumbusho ya kilima cha Hyrax yamekuwa wazi tangu mwaka 1965. Mgeni akipanda juu ya makaburi aliyochimba Mary Leakey ataona, katika mwamba, safu za mashimo madogo ya bao. Mtu fulani aliketi hapo zamani, akahesabu kete zake, akasoma nia ya mwenzake na kupanga hatua tatu mbele. Fuvu lake huenda halijapatikana bado. Akili yake imo katika jiwe hilo, na haihitaji kupimwa na mtu.